Kisima Namba Nne

Kisima hiki hakina kamba wala kata,
hakuna atakayekijia na mtungi.
Tunakichimba nyuma ya duka la dobi,
Nebraska, mwezi wa tatu,
theluji ingali imelala kivulini mwa ukuta.

Lyle Hruska ameshika wenzo wa keekee.
Haongei. Anasikiliza chuma:
kikikwaruza, ni kokoto;
kikinyamaza, ni tope;
kikianza kulia kwa sauti nyembamba,
"Maji," asema, na kutema mate pembeni.
Futi ishirini na sita.

Kisha zamu ya mikono yangu.
Bomba jeupe lenye mipasuo myembamba kama ukingo wa kucha.
Mchanga uliochekechwa, koleo kwa koleo,
na utepe wenye risasi nchani nipime umefika wapi.
Halafu vidonge vya udongo mkavu
vinavyovimba gizani kama maharagwe yaliyolowekwa,
vizibe njia, ya juu yabaki juu.
Tumekuja kuyauliza ya chini.

Na ya chini, ukiyauliza mara ya kwanza, hudanganya.
Hutoka na rangi ya chai ya maziwa.
Nashusha pistoni ya mpira, napandisha,
nashusha, napandisha, mabega yanawaka,
kisima kinakohoa uchafu wa mashine yetu wenyewe,
maana tope la kwanza ni letu, si la ardhi.
Ndoo ya kumi. Ya ishirini.
Ya thelathini na tatu, nakiona kidole changu ng'ambo ya maji.

Bi Ardith Vondra amesimama penye uzio wake
ndani ya koti la marehemu mumewe.
"Yametakata," asema.
Yameng'aa, namjibu.
Kutakata ni neno jingine,
litatoka maabara baada ya wiki tatu.

Anacheka kidogo. Dobi, asema, alikuwa mtu mwema.
Suti aliyozikwa nayo Emil aliisafisha yeye,
hakutoza hata senti,
na mkunjo wa suruali ungeweza kukatia mkate.

Miaka arobaini mji mzima ulitembea nadhifu,
dawa ikipenya sakafu tone kwa tone,
nzito kuliko maji, ikiyapita maji,
ikitafuta pa kulala.

Najaza chupa tatu za kioo hadi mdomoni,
nazipindua: hakuna hata povu moja la hewa.
Nazilaza kwenye barafu.
Naandika saa, tarehe, namba nne.
Lyle anakaza kifuniko cha chuma, boliti mbili,
sawasawa na lami, magari yapite bila kujua.

Bi Ardith anauliza kama mwaka huu
anaweza kumwagilia nyanya kwa pampu yake.
Lyle anatazama buti zake.
Ngoja kwanza, nasema.

Juu ya bampa ya lori, vikombe viwili vya kahawa
alivyotuletea asubuhi.
Cha Lyle kimejaa.
Changu kimebaki nusu.