Mbuzi wa Korosho

Idi iliyopita binti yangu Ghaniya alimpa mbuzi jina.
Nikamwambia, mwanangu, cha kuliwa hakipewi jina.
Akanyamaza. Tangu siku ile
nyama ikifika sahanini kwake huisukuma ukingoni
kama mtu anayerudisha barua isiyokuwa yake.

Mimi ni mpishi. Miaka ishirini na sita
nimewapikia wachimba mafuta kambini Fahud,
sufuria ambazo mtoto angeogea ndani.
Nimestaafu, nimerudi Mudhairibu,
na sijapata kushindwa na tumbo la mtu.
Sasa la mtoto wa miaka kumi na miwili linishinde?

Nikaanza na baga.
Maharage, karanga za kusaga, kitunguu.
Ya kwanza ilibomoka kikaangoni kama ukuta wa udongo na mvua.
Ya pili ilishikamana, ikapitiliza;
mke wangu Zamzam akaigonga mezani, ngo, ngo:
"Hodi! Wenyewe wapo?"
Ya tatu tulimpa paka.
Paka akaitazama, akanitazama.

Usiku nikamkumbuka Kuttan,
mtu wa Kerala, asiyegusa hata yai,
aliyejitengea kisufuria chake pembeni ya jiko la kambi
akakifunika taulo, sisi tukimcheka.
Naikumbuka mikono yake. Alikuwa hasagi, akiponda.
Nusu ilainike, alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
nusu ibaki na meno.
Miaka yote ile sikumuuliza zaidi.

Basi nikaponda.
Korosho za Mtwara, alizoleta shemeji sandukuni katikati ya kanga;
jozi za Jabali Lakhdhari, chungu kidogo moyoni;
lozi; dengu zilizolala majini usiku kucha;
boga la kuzishikanisha, mkate wa jana,
na bizari ileile ya shuwa: thomu, siki, hiliki, pilipili manga,
karafuu mbili, si tatu.
Nikalifinyanga donge zito kama mtoto mchanga,
nikalivika majani ya mgomba mara nne,
nikalitia kwenye pakacha dogo
na kulifunga waya mwekundu.

Shimoni makaa yalikuwa yamewiva, uso haukaribii.
Kila nyumba na pakacha lake, kila pakacha na alama:
hili kitambaa, lile kifuniko cha soda.
"Mbona lako dogo, Zahor?" akauliza Suweidi.
"Mbuzi mdogo," nikasema.
Nikaomba liwekwe juu ya yote, nikasingizia mgongo.
Wakafunika bati, wakafukia udongo,
na Ghaniya akasimama pale
hata uzi wa mwisho wa moshi ulipokatika.

Kesho yake tukafukua.
Moto haujui rangi: waya zote zilitoka nyeusi,
na mapakacha madogo yalikuwa mawili.
Tulilolibeba sisi, kulifungua jikoni,
bega la mbuzi, mafuta yanachuruzika.
Zamzam akasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo.
Ghaniya hakulia. Alikwenda kunawa mikono
na hakuwa amegusa kitu.

Baada ya adhuhuri, hodi.
Qahtan, kitinda mimba wa Suweidi, na sinia limefunikwa kawa.
Akalifunua kama mtu aliyefundishwa njia nzima:
nusu ya donge langu, kahawia, ukoko pembezoni,
korosho zimechomoza kama meno ya mtoto.
"Mama anawasalimu. Anasema nusu tumeshaila, mtusamehe.
Na anauliza," akavuta pumzi asisahau,
"huyu mbuzi, mlikuwa mkimlisha nini?"

Zamzam akageuka ukutani, mabega yanamtikisika.
Mimi natafuta jibu la kumpa mtoto wa watu.
Ghaniya alikuwa ameshamega, shavu limejaa,
ukoko unalia katikati ya meno yake.
Akatafuna mpaka mwisho, hana haraka.
Akamega tena.
"Baba," akasema,
"huyu je, naweza kumpa jina?"