Kiti cha Nyuma, Kushoto

Miaka kumi na minne niliendesha Benzi hii
bila kujua ni laini kiasi gani.
Kiti changu kilikuwa cha mbele, kulia,
na kiti cha mbele ni kiti cha kazi:
mgongo wima, jicho barabarani, sikio nyuma.
Mkurugenzi alikaa nyuma, kushoto,
akitia sahihi barua kutoka Upper Hill hadi Karen,
na sahihi yake haikuwahi kuota mkia.

Kampuni ilipouza magari yake nilikwenda mnadani
na kiinua mgongo changu chote.
Wenzangu walinunua ploti, mmoja ng'ombe wa gredi.
Mimi, Musembi, nilinunua kitu nilichokijua kwa harufu.
Ndinda alilizunguka mara moja, akauliza:
"Na hili, linakula nini?"

Linakula. Siwezi kukataa.
Asubuhi ya kwanza Komarock nililikuta limepiga magoti,
tumbo chini, kama ngamia anayesubiri mzigo.
Mifuko ya hewa ya nyuma ilikuwa imetoboka.
Ochola wa Grogan akaingia chini, tochi mdomoni,
akatoka na uso wa daktari anayetafuta maneno.
"Mipya ni bei ya nyumba. Ya eksi-Japani, bahati yako.
Au tutie springi za chuma, usahau habari ya upepo."
"Litakwendaje?"
"Litakwenda kama gari."

Nikachukua ya eksi-Japani. Nikabadilisha bushi,
shokomzoba mbili, nikatoa rimu pana za kujionyesha
nikavalisha matairi yenye mashavu,
maana raha, kama ipo, imo kwenye mpira.
Kisha Jumamosi moja nikampa Kyalo ufunguo,
nikafungua ule mlango niliowafungulia wengine maisha yangu yote,
nikaingia.

Ngozi ilikuwa na bonde la mwili wake.
Mimi ni mwembamba; nilikaa humo
kama karanga moja kwenye ganda la mbili.
Na kwenye mshikio wa mlango, alama ndogondogo za kucha.
Miaka kumi na minne. Sikujua kuna alichokuwa akiogopa.

Kyalo akaondoa gari.
Tuta la kwanza, meno yangu yakagongana.
La pili, miwani.
Kwenye reli ya Industrial Area
chai ya Ndinda iliruka kutoka kifuniko cha chupa
ikatua gotini kwangu, ya moto, na tangawizi yake.
"Baba, si ulisema hili gari linaelea?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikihesabu:
shimo la mbele ya kituo cha mafuta, unalikwepa ukiwa bado mbali,
ili aliye nyuma asijue kulikuwa na shimo;
tuta lisilopakwa rangi penye shule,
unaachia breki kabla hujalipanda, pua inyanyuke yenyewe;
maji yakituama baada ya mvua huyaamini,
unamtanguliza mwingine, unatazama anavyozama.
Na kusimama: mguu unarudi nyuma kidogo, mwishoni kabisa,
kama mtu anayelaza mtoto na kuondoa mkono.
Kumbe Ochola alikuwa chini ya gari akitafuta
kitu kisichokuwa chini ya gari.
Na mnadani hakuna aliyekitajia bei,
hata mimi mwenyewe, niliyesimama pale
nimekificha ndani ya viatu vyangu.

"Weka kando," nikamwambia kijana.
Akadhani nataka usukani. Akaanza kufungua mkanda.
"Kaa. Nisikilize.
Endesha kana kwamba kuna mtu nyuma anaandika."
Akanitazama kwenye kioo. "Anaandika nani?"
Nikatazama upande wa pili wa kiti. Ndinda
alikuwa amefungua chupa tena, mkaidi,
kifuniko kimejaa hadi ukingoni.
"Mama yako," nikasema.

Tukaanza upya, gia ya pili, taratibu.
Tuta la kwanza liliniuma bado.
La pili, kidogo.