Mlango wa Jikoni, Khabura

Wizara imenipa ramani na kopo la rangi nyekundu.
Ramani ni ya pwani nzima, toka Musandam hadi Dhofari,
imekunjwa mara nane, na mkunjo wa tano
umepita juu ya nyumba ya shangazi Rayya.

Nimeagizwa: tia alama ukutani
pale maji yatakapofika mwaka elfu mbili na hamsini.
Watu wa Khabura wananitazama kama mpima sanda.
Nyumba ya kwanza waliniletea kahawa.
Ya tatu, mwenyewe alifunga lango, akanena kupitia tundu la ufunguo:
"Iambie bahari nami nina hati."

Shangazi hakufunga. Alizaliwa Wete,
akaja huku na sufuria mbili.
Kiarabu ni cha sokoni na cha msalani;
kugombeza, kuhesabu, kulia,
hayo hayamtoki ila kwa Kipemba.
"Zuwena, mstari gani tena huo?
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa.
Ufa niliziba.
Ukuta nikajenga.
Kumbe na bahari inazijua methali."

Akanipeleka kisimani. "Onja."
Nikaonja, nikatema.
Mindimu yake arubaini sasa ni kuni.
Haikuja kwa mawimbi hii,
imepita chini kwa chini, kama umbea,
ikafika kwenye mizizi kabla ya kufika mlangoni.
Kwenye jedwali letu mna safu ya barabara,
safu ya mabwawa, safu ya mikoko itakayopandwa.
Safu ya ladha ya maji haimo.

Jikoni, kwenye ubao wa mlango, mistari ya kalamu ya risasi:
Nasra, miaka sita.
Hilali, miaka tisa.
Hilali tena, keshaanza kubalehe, hasimami wima.
Na juu ya Hilali, mstari mrefu
usio na jina, una tarehe tu.
"Na huyu nani?"
"Huyu maji.
Alikuja usiku, bila hodi, akasimama hapo hapo.
Asubuhi nikampima kama wenzake."

Nikatoa chombo changu,
kinachozungumza na setilaiti kumi na moja.
Hesabu za wizara na kalamu ya shangazi
zilipishana unene wa kidole.

Alama ya wizara niliipaka nje, nyuma ya tangi la gesi.
Maskati, kwenye safu ya chanzo cha takwimu,
nikaandika: mlango wa jikoni.
Bwana Mundhir akanirudishia: "Andika kitu kinachoeleweka."
Nikaandika: mlango wa jikoni, ubao wa kushoto.
Akanirudishia.
Mara ya tatu hakurudisha; labda alichoka,
labda naye ana mlango.

Lipo swali moja shangazi alinikabidhi
nikiwa nishawasha gari, akiwa kashika dirisha:
"Siku mtakayotuhamisha,
mlango nitauchukua?"

Nimeliwasilisha.
Wamejibu kwamba limepokewa.