Shingo Upande

Nilikubali shingo upande. Sisemi kwa mafumbo:
tangu Jumanne ilikuwa imekwama kulia
kama bawaba iliyoshika kutu,
na nikiitwa nageuka mwili mzima
kama kabati linalohamishwa.

Nina vikosi viwili.
Cha kwanza ni watu watano tusiowahi kuonana,
tunalinda ngome moja usiku hadi kunakucha.
Cha pili ni hiki kilicho chini ya kisogo,
nilichokisahau miaka mitatu
mpaka kilipoasi.

Maumivu yalianzia huko, yakapanda,
yakazunguka sikio,
yakaja kuketi kwenye panja la kushoto
yakigonga, yakigonga, kama mpangaji wa juu
anayetwanga tangawizi saa nane za usiku.
Nikameza kidonge. Nikameza cha pili.
Nikapunguza mwanga wa skrini. Nikashinda mechi.
Nikatapika.

Peijun alinikuta sakafuni, msalani.
Binamu yangu ni muuguzi wa zamu ya usiku;
harufu ya hospitali humtangulia mlangoni.
Hakunihubiria. Aliuliza tu:
"Mara ya mwisho umetazama nyuma lini?"
Nikadhani anauliza habari za maisha.
"Nyuma ya bega lako, mjinga wewe."

Basi saa moja asubuhi, Harbin bado giza,
barafu imeota manyoya dirishani,
tumesimama kati ya kitanda na ndoo ya kabichi,
yeye na soksi zake za sufu, mimi na aibu yangu.
Magoti yalegee. Taya lilegee.
(Sikujua taya langu lilikuwa limeng'ata kitu.)
Mikono inapanda kama inayopokea mzigo
kutoka rafu ya juu; kumbe mzigo haupo,
inashuka mitupu, na mabega yanashuka nayo
mahali ambapo sikujua ni kwao.

Kisha zoezi la bundi.
Kifua kinabaki. Macho yanatangulia,
kichwa kinayafuata taratibu,
kama mtu anayefungua mlango na mtoto amelala.
Najua bundi ana sifa mbaya,
lakini huyu hakuja kumlilia mtu;
anageuka tu, anapumua, anarudi.

"Ukisikia inauma, rudi kidogo.
Huu si mchezo wa kushinda."
Hapo ndipo aliponishinda.
Siku ya kwanza nilihesabu alama kimoyomoyo.
Siku ya nne nililala wima.
Siku ya tisa bundi alifika mwisho wa bega
nikaiona kalenda ukutani, nyuma ya kiti changu:
Mei, ya mwaka juzi.

Sijapona. Alhamisi yalirudi,
yakapanda mpaka sikioni, yakasita,
kama aliyesahau amefuata nini.

Jana, ngome ikiwa salama,
nikawaambia wenzangu: natoka dakika kumi.
Guanlin, kutoka Dalian, akauliza:
"Umeme umekatika?"
"Hapana. Nakwenda kugeuza shingo."
Nilitarajia kicheko. Kukawa kimya.
Kisha ndani ya hedifoni nikasikia kiti kikilia,
pumzi ndefu ya mtu nisiyemjua sura,
na mfupa mmoja, mbali kabisa,
ukisema: ko.