Mtegemezi

Fomu ina kurasa tatu.
Yoeli aliileta kutoka ofisini Mtumba, Septemba,
ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati,
na bado vumbi lilikuwa limeingia kwenye mikunjo.
Aliisoma kwa sauti, kama barua ya posa:
Jina la mwanachama. Namba ya ajira.
Jina la mtegemezi.

Hapo akanyamaza, akanitazama.
Mguu wangu ulikuwa juu ya cherehani,
nashona sare za shule, kumi na nane,
kazi ileile iliyolipa kodi ya Julai
mshahara wake ulipokwama.
"Andika," nikamwambia.
"Karatasi haijui nani kamwegemea nani."

Wakataka cheti cha ndoa.
Cheti kinasema Doroka, kitambulisho kinasema Dorika.
Herufi moja tu, na afisa utumishi
akairudisha fomu kwa ncha ya kalamu:
"Huyu ni mke mwingine."
Tukaenda kwa wakili, Barabara ya Sita,
tukaapa kwamba Doroka na Dorika ni mtu mmoja,
analala kitanda kimoja, na mume mmoja.
Elfu ishirini. Muhuri.

Kisha masharti, maandishi madogo kama mbegu za mchicha:
huduma za uzazi huanza mwezi wa saba
baada ya jina kupokelewa.
Yoeli alihesabu kwa vidole, akarudia,
akaishusha kalenda ya duka la pembejeo
na kuizungushia Aprili duara.
"Kwa hiyo kabla ya hapo..."
Hakumaliza. Vidonge vyangu hukaa kwenye kopo la vifungo,
chini ya zipu.

Sitasema mengi kuhusu Perusi, dada yangu.
Aliingizwa chumba cha upasuaji usiku
akatoka na mtoto mzima na deni.
Ng'ombe wawili wa baba wakapelekwa Msalato, Jumamosi.
Mtoto anaitwa Lameki.
Babu yake, akishakunywa, humwita Mnada.

Novemba akaja mama mkwe kutoka Mundemu
na ndoo ya unga wa uwele, na mlenda mkavu kwenye kanga.
Alinitazama tumbo kabla ya uso.
"Mwaka wa pili huu," akasema.
"Sisi huberega. Mbegu inaingia udongo ungali mkavu.
Mvua ikija, inaikuta."

Ningemwambia nini?
Kwamba mjukuu wake yuko kwenye foleni,
dirisha namba nne?

"Na isipokuja, mama?"
Alicheka kwa pua.
"Isipokuja unapanda tena. Ulidhani nini?"

Nikaenda jikoni kutazama moto ambao haukuhitaji kutazamwa.
Nilikuwa na jibu, la kijanja, la mjini,
nililiweka tayari ulimini. Halafu nikakumbuka:
mama huyu amezaa saba.
Wanaokuja Krismasi ni wanne.
Nikasonga ugali. Tukala. Mlenda ulikuwa mtamu.

Kadi imefika leo.
Ndogo kuliko kiganja, picha yangu imepauka,
nimekodoa macho kama mtu aliyeulizwa swali darasani.
DORIKA, yule mke mwingine.
Chini yake, kwa herufi kubwa, neno lilelile.
Yoeli ameitia ndani ya Biblia ya harusi.
Nimeitoa, nimeiweka kwenye kopo la vifungo.
Vidonge vimebaki vinne,
na Machi imebakiza siku nne.

Upepo unagongagonga mabati ya Nkuhungu.
Yoeli anajifanya anasikiliza taarifa ya habari.
Nina sare moja ya kumalizia, ya mtoto wa chekechea.
Mama yake kaomba nisikate kitambaa kilichozidi,
nikikunjie ndani.
Nimeacha pindo la vidole vitatu.
Nimelitazama. Nimeongeza cha nne.