Ukuta wa Machimbo, Key Largo

Odalys ananiambia, weka kiganja hapa,
ukutani, palipopita msumeno wa mvuke
enzi za kujenga reli. Jiwe lingali na joto la mchana.
Ndani yake nyota, nyota juu ya nyota:
kila moja kitanda cha kinyama kisicho na jicho
kilichokaa, kikala, kikamwaga chokaa chini yake,
kikapanda juu ya sakafu yake, kikamwaga tena.

"Laki moja na ishirini elfu," anasema,
nami nadhani anataja bei ya kiwanja.
Miaka, mjinga wewe.

Bahari wakati huo ilikuwa juu ya kofia zetu.
Ilipopanda unyoya, tumbawe lilipanda unyoya,
likiifuata nuru bila haraka, bila kukosa siku.
Kisha barafu ya kaskazini ikaanza kunywa;
maji yakakunjwa kama mkeka baada ya shughuli,
na tumbawe halina miguu.
Likabaki juani, kazi haijaisha.
Kisiwa hiki kilizaliwa hivyo, kwa kuachwa.

Babangu aliyachoma mawe kama haya kwa magogo ya mikoko,
akapata chokaa, akapaka vyumba vya watu.
Nimelala ndani yake miaka kumi na saba
nisiyaulize umri.

Oktoba, maji ya bamvua yanaingia mtaani kwetu.
Hayabishi hodi. Yanapanda kwa chini,
kwa vile vitundu vya nyota, kimyakimya,
kama mwenye nyumba anayejua ufunguo ulipofichwa.
Jirani yangu Delroy ameliinua gari lake juu ya matofali.
Mimi nina mpini wa ufagio, mistari ya rangi ya kucha:
wiki tatu sasa hayajashuka chini ya ule wa pili.

Na huko nje, mwambani, nani apande nayo?
Julai bahari ilikuwa maji ya kuogeshea mtoto mchanga;
matumbawe yakatema rangi, yakasimama meupe
kama vyombo vilivyooshwa vikasahauliwa.
Wafu hawapandi. Samaki wanawatafuna, mawimbi yanawasaga.

Basi tunapiga mbizi, mimi na Odalys, na miswaki.
Tunasugua mwani kwenye mabomba,
tunafunga vipande vichanga kwa uzi wa nailoni.
Jumanne, kipande cha arobaini na moja
kilikuwa na ncha nyeupe. Nikashtuka, nikamwita kwa mkono.
Akakiangalia muda mrefu, mapovu yakimtoka,
akaandika kwenye kibao:
huu ni weupe wa kukua.
Akafuta. Akaandika tena: nadhani.