Bei ya Kutazama

Walinitajia bei kwa dola.
Nikaigeuza shilingi kwa kalamu
nyuma ya risiti ya stima,
ikatoka kodi ya miezi kumi na minne
ya chumba changu hiki, Nyalenda, karibu na mto Auji,
ambamo mvua ikinyesha maji huwa mpangaji mwenzangu.

Na hiyo ni leseni ya kuanzia tu.
Mtu akifungua ramani, wanahesabu.
Akiisogeza kwa kidole, wanahesabu.
Kageha huuza maji kwa mtungi, namwelewa:
mtungi ukijaa umejaa, unabebwa, unapikiwa.
Lakini bei ya kutazama?
Nikipepesa macho, je, nalipa mara mbili?

Kazi yenyewe haikuwa ya dola.
Osir na wenzake wanane huchota vyoo usiku,
mapipa manne juu ya mkokoteni.
Walitaka kujua jambo moja, uchochoro upi unapitika,
kabla hawajakwama katikati,
ukuta kushoto, ukuta kulia, mbwa mbele,
na juu mtu anafungua dirisha aanze kutukana.
"Kurudi kinyumenyume na mzigo ule," Osir aliniambia,
"hata adui simwombei."

Nikaionja ramani ya wakubwa siku thelathini za bure.
Nzuri, sikatai.
Huko Milimani hata bwawa la kuogelea
lilikuwa na buluu yake.
Nyalenda ilikuwa kijivu,
kijivu kitupu, kama shuka lililosahaulika juani.
Kumbe nilitaka kukopa
ninunue pengo.

Basi nikatafuta.
Wiki tatu, kwa bando la usiku wa manane,
mbu wakisoma pamoja nami.
Nikaokota zana huria, moja hapa, moja pale,
zilizoandikwa na watu nisiowajua
na kuachwa wazi kama kisima cha njiani.
Moja ilichora mistari, ikakataa kuweka majina.
Nyingine ilikubali majina, ikaangusha kompyuta.
Kompyuta yenyewe ya mtumba, haina kitufe cha N;
naibonyeza N kwa mfuniko wa kalamu,
na N haikosekani popote, hata kwenye "hapana".
Cha bure hakikunidai pesa.
Kilinidai usingizi, na kikalipwa.

Zana iliyobaki aliileta Osir:
ufito wa mwanzi, umekatwa sawasawa na upana wa mkokoteni.
Siku kumi na moja tuliubeba umekingama,
simu yangu ikimeza nukta baada ya nukta.
Ufito ukipita, kijani.
Ukigota, nyekundu.
Watoto walitufuata wakipiga kelele za rangi kabla yetu,
na mara nyingi walikuwa sahihi.

Mama mmoja alitoka na mwiko mkononi.
"Mnapima ili mje kutubomolea?"
Nikatafuta maneno ya heshima.
Kageha, mweka hazina wa kikundi, hakutafuta.
"Tunapima mavi yako yapate pa kutokea."
Mama akacheka, akatuonyesha kipenyo nyuma ya jiko lake
ambacho nisingekiona kwa setilaiti yoyote.

Sisemi tuliokoa pesa za leseni.
Hazikuwepo tangu mwanzo, huwezi kuokoa hewa.
Ila mwezi ule vilinunuliwa viatu vya mpira jozi tisa,
na jozi moja ilikuwa miguu yote ya kushoto,
tukarudi dukani kugombana.

Usiku wa kwanza wa ramani, saa nane, simu ikalia.
Osir, kwa kunong'ona:
"Ramani yako inasema nipite."
"Ndiyo, kijani."
"Kuna mtu amejenga ngazi leo jioni.
Saruji bado mbichi. Nimeikanyaga."

Nikaamka, nikatafuta mfuniko wa kalamu gizani.
Nje mvua ilikuwa imeanza kuuliza mlango.
Nikaandika: nyekundu.
N mbili kumbe hapana, moja tu.
Nikabonyeza.